Mwaka Nilioishi Juu ya Posta

Mwezi uliopita nilikwenda Gando kwenye hitima ya Bi Time. Alikufa mtu mzima sana, akili zake zote anazo, na nyumba ilijaa wajukuu hata viatu vikakosa mahali mlangoni. Baada ya dua, tukiwa tumezunguka masinia ya wali, mjukuu wake mmoja anayesomea uuguzi alisogea karibu yangu akaniuliza, "Bibi, weye na marehemu mlijuana vipi? Maana si mtu wa Gando, na udugu hamna." Nikamwambia tulijuana posta. Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Nilitaka kumweleza, lakini ikaletwa kahawa na halua, watu wakaanza kuagana, na mazungumzo yakakatika hapo. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Jengo lenyewe lipo bado. Liko Wete, mtaa wa pwani, kwenye njia inayoteremkia bandarini. Wakati wa kurudi nilimwomba mwanangu asimamishe gari, nikashuka nikasimama ng'ambo ya njia kulitazama. Wazee walikuwa wakisema lilijengwa na mfanyabiashara wa karafuu aliyetaka kuyaona magunia yake kutoka dirishani mpaka yanapakiwa. Alipohama likakaa na popo, kisha serikali ikalikodi, ikaweka posta chini na makazi ya bwana posta juu. Baadaye sana, posta ilipohamishiwa mjini, pakawekwa magunia ya mchele. Baada ya mchele, vyerehani vya ushirika wa akina mama. Baada ya vyerehani, hakuna kitu. Siku ile nilikuta mlango una kufuli, chokaa imebambuka, na kwenye kivuli chake wamekaa vijana wawili wanauza vocha. Tundu la kutilia barua limezibwa kwa saruji. Sikuhuzunika. Nilitazama dirisha la katikati la ghorofani, nikajikuta natabasamu peke yangu njiani kama mtu aliyepungukiwa akili.

Niliishi nyuma ya dirisha hilo mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na miaka kumi na minane. Nililetwa kutoka Wingwi kwa sababu shangazi yangu, Bi Maryamu, aliteleza ngazini na ndoo ya maji akavunjika mguu. Hospitali waliufunga plasta kuanzia kifundo mpaka juu ya goti, na mfupa ulipokataa kuunga sawasawa wakaufunga upya, kwa hivyo ile miezi mitatu niliyoambiwa ikawa mwaka. Mume wake, Bwana Seif, ndiye aliyekuwa bwana posta. Nilimwita Ami kwa heshima. Alikuwa mrefu, mnyamavu, kanzu yake haina kunjo, na neno lake moja lilikuwa sawa na kumi ya wengine. Shangazi alikuwa kinyume chake: mfupi, mcheshi, ulimi haukai, na sasa amefungwa kitandani kama ng'ombe kwenye kigingi.

Chumba cha shangazi kilikuwa juu ya kaunta hasa. Sakafu ilikuwa ya mbao, na kwa miaka mbao zile zilikauka zikaachana, hata mwanga wa mlango wa chini ukapenya juu kwa mistari myembamba. Pamoja na mwanga zilipanda harufu za gundi na lakiri inayoyeyushwa, na sauti zote za posta. Asubuhi tukinywa chai ya mchaichai na mkate wa kumimina huku tunasikia magunia ya barua yakiburutwa. Mchana, nikikuna nazi ya muhogo au nikimpasulia shangazi samaki wa kupaka, tulisikia watu wakibishana juu ya uzito wa vifurushi, wakiulizia barua za Mombasa, wakimsalimu Ami salamu ndefu na kujibiwa fupi. Ami alipanda kula kwa dakika chache tu, wino bado uko vidoleni. Shangazi akimwuliza, "Leo kumekuja nini?" hujibu, "Barua." Akimwuliza, "Za nani?" hujibu, "Za wenyewe."

Siku ya tatu au ya nne nilisikia kitu nisichokijua. Chini palikuwa na kidude cha chuma kikigongagonga, ta-ta, ta, kama mtu anayepiga kucha kwenye kopo. Shangazi, ambaye alikuwa akinieleza habari ya harusi fulani, alinyamaza katikati ya neno, akachukua mkongojo wake na kuugonga sakafuni mara mbili. "Bwana Seif! Unaitwa!" Nikasikia Ami, aliyekuwa nje barazani, akiingia mbio. Nikamwuliza shangazi kajuaje. "Miaka kumi na sita nalala juu ya kitu hicho," akasema. "Posta ya Chake Chake wakimtaka hugonga hivi: ti, taa, taa. Hilo ndilo jina lake. Miye nalijua kuliko nnavyolijua langu." Ndipo akanifahamisha. Siku hizo tukisema simu hatukuwa na maana ya kuzungumza. Simu ilikuwa maneno machache aliyoandika mtu wa mbali, yakapita kwenye waya yakiwa mlio mfupi na mlio mrefu, na huku Ami akayasikiliza, akayageuza kuwa herufi, akayaandika kwenye karatasi.

Kumbe sikio la shangazi lilikuwa limeshika mengi. Aliweza kuigiza milio yote, fupi na ndefu, kwa ulimi, bila kukosea. Asichokijua ni maana yake, kwani alisoma Kurani na kuandika kwa hati ya Kiarabu tu. Herufi za Kizungu, kama tulivyoziita, hakuzijua hata moja. Mimi nilizijua zote kutoka skuli. Na ndani ya mlango wa kabati, Ami alikuwa amebandika tangu ujana wake karatasi iliyoanza kugeuka manjano, yenye herufi na alama zake. Sidhani tulikaa tukaamua. Shangazi alikuwa na masikio, mimi nilikuwa na macho, na siku zilikuwa ndefu. Yeye huigiza mlio, mimi hutafuta kwenye karatasi, kisha humchorea herufi kwa mkaa nyuma ya kigae. "Hii A. Ti, taa." "Mbona kama ngazi aliyoniangusha nayo shetani?" "Ndiyo hiyohiyo, shangazi. Shika mkaa, ichore." Baada ya mwezi tulikuwa tukizungumza kwa kijiko na kikombe mbele za wageni, tukawateta bila wao kujua, na shangazi akicheka mpaka plasta inamwuma. Kabla ya mfungo wa Ramadhani niliweza kufuata maneno yanayopita chini, si yote, lakini ya kutosha.

Hapo ndipo shangazi alipoacha kucheka. Siku moja tulisikia kwamba mwalimu mmoja jirani yetu anahamishwa Mkoani. Jioni hiyo hiyo, kabla hajapata karatasi yake ya simu, alikuja na mkewe kumwona mgonjwa, akatueleza kwa furaha bustani ya nyanya anayoilima nyuma ya nyumba. Tulimsikiliza tukimeza mate. Alipoondoka shangazi akanishika mkono, akaniambia, "Rukia, sikiliza. Bwana Seif kala kiapo. Miye na weye hatukula, lakini tunakaa ndani ya kiapo chake. Tulichokisikia hakishuki ngazi. Ukishindwa, niambie sasa tuichane karatasi ile." Nikamwambia sitashindwa. Nimekuwa na siri nyingine katika maisha yangu, na nimezitunza kwa sababu ya chumba kile.

Bi Time nilimsikia kabla ya kumwona. Kila Alkhamisi alikuja kwa miguu kutoka Gando na kikapu cha mayai au dagaa wa kuuza, na kabla ya kwenda sokoni alipita posta kusalimu na kuulizia barua. "Bwana Seif, chei-chei?" "Chei." "Leo je?" "Leo bado, Bi Time." Basi. Hakuwahi kulalamika. Mume wake, Hamadi, alikwenda Tanga kufanya kazi bandarini, akaandika mwanzo, kisha kimya, mwaka na nusu. Shangazi aliposikia "leo bado" hiyo mara nyingi mno, alinituma nikampandishe juu anywe chai. Nilikuta mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, mweusi wa kung'aa, miguu imejaa vumbi, mtulivu. Akakaa kwenye mkeka, akapulizia chai yake, akasema kaka zake wamechoka. Wanasema mume amekufa au ameoa, na yote mamoja. Wamempata mtu wa makamo mwenye mashamba ya mikarafuu, na wanataka ampelekee kadhi malalamiko, ndoa ivunjwe. "Na weye wataka nini?" shangazi akamwuliza. Bi Time alifikiri. "Nataka kujua," akasema. "Akiwa kafa, nimlilie. Akiwa kaoa, nimtukane. Lakini hivi, mtu hayupo wala hakuondoka, siwezi." Nikamwandikia barua pale pale. Anwani hakuwa nayo ila ya zamani, na mahali Hamadi alipofanyia kazi. Alinitaka niandike maneno machache: kwamba yeye yupo, anangoja, na hatangoja milele.

Barua ikaenda, wiki zikapita, na Alkhamisi moja Bi Time akapanda juu akatuambia kesi imewekwa Jumanne. Kaka zake watakuja naye Wete kwa kadhi asubuhi. Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akashuka.

Jumatatu yake Ami alikuwa na homa siku ya pili. Asubuhi alijikokota akafungua, akauza stempu, na saa sita akapanda kwa kushika ukuta, akaanguka kitandani kwenye chumba cha pili. Makame, tarishi wetu, alikuwa ametoka na baiskeli kupeleka barua upande wa Jadida. Mlango wa posta ulikuwa umerudishwa. Tulikuwa tunachambua mchele, mimi na shangazi, kidude kilipoanza. Ti, taa, taa. Kikanyamaza. Kikaita tena.

"Mwamshe," akasema shangazi.

Nilikwenda nikamtikisa. Alikuwa anaungua, akaniita kwa jina la mama yake. "Haamki, shangazi."

"Basi shuka."

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine? Miye na jiwe hili mguuni?"

"Wataacha wenyewe. Wataileta kesho."

"Ingekuwa ya kungoja kesho, mtu angeandika barua."

Nilishuka. Mwaka mzima kasoro miezi michache niliishi juu ya kaunta ile na sikuwahi kupita nyuma yake. Nilikaa kwenye kiti cha Ami, nikaweka kidole kwenye kitufe, nikagonga kuwa niko. Chake akaanza, na ilikuwa kama mvua juu ya bati, sikupata hata neno. Nikamkatiza, nikagonga POLEPOLE. Kisha ikaja, POLEPOLE kweli: NANI WEWE. Nikainua macho. Kutoka juu, katikati ya mbao, sauti ya shangazi: "Mwambie ukweli!" Nikagonga kwamba bwana posta ni mgonjwa na mimi ni mtu wa nyumbani kwake. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu sana. Nafikiri yule bwana wa Chake, ambaye sikupata kumwona maishani, alikuwa anapima kazi yake na uhitaji wa mtu asiyemjua. Halafu akaanza, herufi moja moja, kama anayemlisha mtoto, na mimi nikaandika. Ilikuwa ya Time binti Kombo, Gando. BARUA NIMEPATA. NILIKUWA HOSPITALI. NAFIKA JUMATANO. Na jina.

Nilipanda ngazi nikiruka. Shangazi alisoma karatasi mwenyewe, midomo inacheza, kidole chini ya kila herufi, na alipofika JUMATANO alijifunika nayo usoni. Nikasema nimkimbilie Makame njiani aipeleke. Akanizuia. "Bila sahihi ya bwana posta hii si simu. Ni karatasi yako tu. Kadhi ataitupa, na atakuwa na haki." Tukakaa. Nilimwekea Ami kitambaa cha maji kwenye paji la uso, nikakibadilisha, nikakibadilisha tena, na sijawahi kuomba jasho la mtu kama nilivyoomba jasho lake siku ile. Lilikuja karibu na alasiri. Akafumbua macho, akataka maji, akanywa. Nikampa karatasi.

Akaisoma mara mbili. "Nani kapokea?"

"Mimi, Ami."

"Nani kakufundisha?"

Kutoka chumba cha pili shangazi akajibu, "Miye."

Ami alitazama ukuta uliowatenga. "Weye hujui hata herufi."

"Hiyo zamani."

Nilidhani atakasirika. Nilikuwa nimefikiria kazi yake, kiapo chake, na mimi kurudishwa Wingwi kwa aibu. Alijifunga shuka mabegani, akashuka ngazi taratibu, mimi nyuma yake nisije nikamwokota chini. Akakaa, akamwita Chake, akamtaka airudie simu nzima tangu mwanzo. Kila herufi ilipopita alitia nukta ya wino chini ya herufi yangu. Nukta zilikwenda sawa, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwisho kabisa kalamu ikasimama.

"Hamidi ni nani?" akaniuliza.

Sikuelewa. Nikaangalia. Niliandika HAMIDI.

"Ti, taa ni A. Weye umesikia ti, ti. Kesho Bi Time angesimama mbele ya kadhi na kaka zake, na mume anayekuja kumdai ni mtu asiyejulikana na yeyote." Na hapo, akiwa anatetemeka kwa homa, Ami alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Juu, shangazi naye akacheka, na akafuatisha kwa mkongojo. Ami akasahihisha jina, akapiga muhuri, akatia sahihi, na Makame aliporejea hakushuka hata kwenye baiskeli; alipokea karatasi mguu mmoja chini, akageuza kuelekea Gando.

Yaliyotokea kwa kadhi tulihadithiwa. Kaka zake Bi Time walizungumza sana, yeye akatoa karatasi tu. Kadhi akaisoma, akaahirisha mpaka Jumatatu ya pili, akisema mtu aliye njiani haitwi aliyepotea. Jumatano meli ilipofika hatukuona kitu, dirisha letu lilitazama njiani, si bandarini, lakini mchana tulisikia Bi Time akisalimu chini, na sauti ya mwanamume, nyembamba, ya mtu aliyeugua kifua. Hamadi alikuja kushukuru. Ami akampa mkono, akatoka nje barazani, jambo ambalo hakulifanya kamwe kukiwa na watu kaunta, akawaachia chumba. Haikuwa haki yetu kusikiliza. Tulisikiliza.

"Ungeniandikia," akasema Bi Time.

"Niandike nini? Nilikuwa nimelala kama gogo. Nikaona haya."

"Ungeandika hivyo hivyo. 'Nimelala kama gogo.' Ningekuja."

Kisha Bi Time akasema safari zimekwisha, atavua au atalima, lakini Gando. Hamadi akasema ndiyo. Kaka zake Bi Time walinuna msimu mzima wa karafuu, halafu wakaja kumsaidia Hamadi kuezeka nyumba. Mimi sikumwambia Bi Time nani aliyeipokea simu ile mpaka alipojifungua mtoto wake wa tatu, na aliponisikia alinipiga kofi la begani na hatimaye akalia.

Ami aliandika yote kwenye daftari la siku, hakuficha. Kisha akawaandikia wakubwa wake Unguja barua ndefu, akieleza lililotokea na kuuliza kama msichana anayejua kazi hii anaweza kufunzwa na kuajiriwa. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Alipanda nalo wakati wa chakula, akakaa, akatusomea bila kuruka kitu: yeye anaonywa, na nafasi ya mwanamke hakuna. Akaikunja. "Wamekosea," akasema, akavuta sahani ya wali. Alikuwa mtu aliyeitii serikali maisha yake yote, na sikumsikia tena akisema neno kama hilo. Nimeishi kwa neno hilo. Niliporudi Wingwi nilianza kufundisha wanawake kusoma barazani kwetu, kwanza watatu, na kazi hiyo nikaifanya kwa namna hii au ile mpaka nywele zilipogeuka nyeupe. Nikiulizwa nani alinipa moyo, nasema ni mtu aliyesema "wamekosea" kisha akaendelea kula.

Plasta ya shangazi ilikatwa mwisho wa mwaka. Mguu ulitoka mwembamba na mweupe, akautazama akasema huu si wangu, nirudishieni wangu. Nikakaa wiki mbili zaidi kumfundisha ngazi, kisha baba akaja kunichukua. Shangazi hakunisindikiza mlangoni. Alisema ana kazi, na mimi nikaondoka nimevunjika moyo kidogo. Siku ya nne tarishi akafika Wingwi na bahasha yenye jina langu, herufi kubwa kubwa, zimeegemeana kama wagonjwa. Ndani palikuwa na karatasi moja. RUKIA, iliandikwa, LEO NIMESHUKA PEKE YANGU. NIMESIMAMA FOLENI. NIMENUNUA STEMPU KWA BWANA SEIF NA HAKUNIPA YA BURE. AMENIULIZA BARUA YA NANI. NIMEMWAMBIA YA MWENYEWE.